Ya Chesi Gani?

Omba pedi za breki za Fielder katika duka la spea mjini Machakos, na muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza kwanza: ya chesi gani? Jina Fielder halimtoshi. Kuna NZE141 ya injini ya 1NZ, kuna NZE144 inayovuta kwa magurudumu yote manne, kuna ZRE142 ya lita 1.8. Kabla ya hizo palikuwa na NZE121, na baada yake ikaja NZE161. Barabarani zote ni Fielder. Swali hilo la kaunta ndilo kiini cha kazi ninayoieleza leo: kuandaa maelezo ya vipuri katika umbo ambalo kompyuta ya mtu asiyekujua, asiyewahi kufika dukani kwako, itayasoma bila kukosea.

Spea nyingi za Machakos hupitia Nairobi, Kirinyaga Road na Grogan, kisha hupakiwa kwenye matatu kama kifurushi. Mzigo unafika. Maelezo yake ndiyo yanayobaki nyuma, katika kichwa cha mwagizaji. Kinachofika ni orodha ya bei, mara nyingi PDF au picha ya WhatsApp, ambayo kila mwenye duka, kuanzia mjini hadi Masii na Kathiani, huinakili upya kwa mkono wake. Namba moja inaandikwa mara kumi na watu kumi, na kila mwandiko ni nafasi mpya ya kukosea. Ndiyo maana fundi bado huja na kipuri kikuukuu mkononi kama sampuli: anakiamini chuma kuliko karatasi, na kwa hali ilivyo ana haki.

Tuanze na namba yenyewe. Namba ya kipuri cha Toyota ina nafasi kumi, na tano za kwanza hutaja aina ya kifaa: 04465 ni pedi za breki za mbele, 17801 ni filta ya hewa, 90915 ni filta ya oili. Sasa iandike namba ya tarakimu tupu inayoanza na 04465 kwenye Excel bila kistari cha katikati. Programu itaona ni hesabu, itaifuta sifuri ya mwanzo, na kuanzia hapo namba hiyo haipo tena katika katalogi yoyote duniani. Hakuna atakayelia siku hiyo. Kilio huja wiki mbili baadaye, mteja wa Mwala anapoletewa kisicho chake. Kwa hiyo safu ya namba ifanywe maandishi kabla ya kuingiza chochote, na herufi O isichanganywe na sifuri. Faili nyingi mbovu nilizowahi kuzisafisha ziliharibikia hapo, kabla hata XML haijatajwa.

XML ni lugha ya kuandikia data iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwezi Februari 1998. Kila taarifa hufungwa kati ya lebo mbili zinazosema ni taarifa gani, kwa mfano <uzito kipimo="kg">1.4</uzito>. Kwenye jedwali la kawaida, 1.4 inaweza kuwa uzito, bei au ujazo wa injini, na maana yake hutegemea kichwa cha safu ambacho mtu anaweza kukihamisha. Kwenye XML maana husafiri pamoja na thamani. Lebo zinaweza kuwa za Kiswahili, kama hiyo niliyoandika, mradi pande zote mbili zimekubaliana. Makubaliano hayo huandikwa katika faili nyingine, skima, inayotaja lebo zipi ni za lazima, zipi zinaweza kurudiwa, na wapi hairuhusiwi kuweka herufi panapotakiwa tarakimu. Kabla ya kutuma, faili hupimwa dhidi ya skima. Lebo moja ikisahauliwa kufungwa, au alama ya & katika jina la kampuni ikiandikwa ilivyo badala ya &amp;, faili nzima hukataliwa. Ukali huo naupenda, kwa kuwa kosa linagunduliwa kwa anayetuma badala ya kugunduliwa chini ya gari.

Marekani, makubaliano ya biashara ya spea husimamiwa na Auto Care Association, na yana sehemu mbili. PIES hueleza kipuri chenyewe: ni nini, ni cha nani, kina uzito gani, kinauzwaje. ACES hueleza kipuri hicho kinaingia gari lipi. Nyuma ya sehemu zote mbili kuna hifadhidata za misimbo, ili aina moja ya kifaa iwe na msimbo mmoja hata kama wauzaji wanaiita kwa majina matano.

Sehemu ya PIES inatufaa karibu yote, na kuna mambo machache ndani yake ambayo yangeokoa fedha Machakos kesho asubuhi. La kwanza ni kipimo cha kuuzia. Seti ya pedi za mbele ni vipande vinne vya ekseli moja; plagi huuzwa moja moja japo gari linataka nne; shoku huweza kuuzwa moja au jozi. Bei isiyotaja kipimo ni ugomvi unaosubiri siku yake. La pili ni upande. Kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa umeketi kwenye kiti cha dereva ukitazama mbele, lakini fundi aliyesimama mbele ya boneti anaona kinyume, na taa ya kulia inarudishwa Nairobi kwa nauli ya pili. Faili itaje upande kwa msimbo usio na tafsiri mbili. La tatu ni namba mbadala: mtengenezaji akibadilisha namba ya zamani kwa mpya, zote mbili ziandikwe na uhusiano wake, vinginevyo duka litasema halina kitu ambacho kiko rafuni.

Bei nayo haiandikwi peke yake. Huwa na sarafu, tarehe inapoanza kutumika na aina: ya jumla, ya fundi, ya rejareja. Kisha kuna misimbo ya serikali. Filta ya oili, kwa forodha, haimo katika kundi la 8708 la vipuri vya magari, imo 8421.23, ya hewa 8421.31. Plagi ni 8511.10, na breki na sehemu zake ndizo zenye 8708.30. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi na mamlaka ya mapato, KRA, katika kukokotoa kodi, isipokuwa zile chache zilizosamehewa, na ankara hiyo hutaka kila bidhaa ipangiwe kundi lake. Mwenye duka aliyepanga bidhaa zake mara moja vizuri hawezi kusumbuliwa na kazi hiyo kila jioni.

ACES ndiyo inayogoma. Orodha yake ya magari ni ya yale yaliyouzwa Marekani, Kanada na Meksiko. Probox, gari linalobeba abiria, nyanya na mbuzi katika vilima vya Ukambani, lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 na halikuwahi kuuzwa Marekani. Kwa orodha hiyo, gari hilo halijazaliwa. Magari yetu mengi ni ya soko la ndani la Japani, yakiingia chini ya kiwango cha KS 1515:2000 kinachotaka usukani wa kulia na umri usiozidi miaka minane. Hayana ile namba ya utambulisho ya nafasi 17 iliyozoeleka Marekani. Yana namba ya chesi inayoanza na msimbo wa muundo, kistari, kisha namba ya mfululizo, na ndiyo iliyoandikwa kwenye logibuku.

Basi ufunguo wetu uwe huo: msimbo wa chesi, msimbo wa injini, na mwezi gari lilipotengenezwa, kwa sababu Toyota huweza kubadilisha kifaa katikati ya uhai wa muundo. Kila kipuri kifungwe na ufunguo unaokihusu. Probox NCP51 na Fielder NZE141 zina injini moja ya 1NZ-FE, ya sentimita za ujazo 1497, kwa hiyo filta ya oili hufuata injini. Pedi hufuata ekseli na mwili wa gari, na injini haina la kusema hapo. Nyuma ya NCP51 kuna ngoma, hivyo anayeuliza pedi za nyuma anahitaji breki shuu, na faili iliyoandaliwa vizuri itamjibu hivyo hata kama aliye kaunta ni kijana aliyeajiriwa juzi.

Kutuma ni kazi fupi kuliko kuandaa, ila ina adabu yake. Faili huanza na utangulizi unaotaja mtumaji, tarehe, toleo la mfumo, na kama ni orodha nzima au mabadiliko tu. Katika mabadiliko, kila kipuri hubeba alama ya kuongeza, kurekebisha au kufuta. Mwisho wa faili huandikwa idadi ya vipuri vilivyomo. Mpokeaji huhesabu, na idadi isipolingana anajua mtandao ulikatika njiani au kitu kimeachwa, na haingizi chochote mpaka atumiwe upya. Picha ya WhatsApp haiwezi kukuambia kwamba ukurasa wa tatu haukufika.

Mwagizaji wa Nairobi ndiye anayepaswa kuandika faili hii, kwa sababu ndiye aliye na katalogi ya mtengenezaji, na maduka ya Machakos yana nguvu ya kuidai kwa pamoja. Wasidai vyote kwa mkupuo. Filta na plagi za injini za familia ya 1NZ na 2NZ, na pedi za magari yenye injini hizo, zinatosha kuanzia: vipuri vinatoka kila siku, na kosa likitokea linaonekana ndani ya wiki.