Msomaji na Hadithi ya Kutisha: Chemosit wa Siongiroi na Riwaya za Stephen King

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi juu ya riwaya ya kijamii, riwaya ya mapenzi na riwaya ya upelelezi. Riwaya ya kutisha wameipita upesi, kana kwamba hofu ni jambo la watoto lisilomstahili mtu mzima aliyesoma. Hata hivyo watu huogopa, na wengi hupenda kuogopeshwa. Na msomaji aliyeogopeshwa huwa na maoni makali juu ya yule aliyemwogopesha. Makala haya yanayachunguza maoni ya namna hiyo. Yanamchukua mtunzi wa Marekani ambaye vitabu vyake vya kutisha vimesomwa kuliko vya wengi wa zama zake, Stephen King, na kuyapima yale anayosifiwa na kulaumiwa kwa mizani ya mahali pengine kabisa: Siongiroi, kituo cha biashara katika Chepalungu, Kaunti ya Bomet, kusini ya mashamba ya chai ya Kericho.

Uchaguzi wa mahali hapo unahitaji maelezo kidogo. Bomet ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi ilipotengwa mwaka 1992, na wenyeji wa sehemu hizo walio wengi ni Wakipsigis. Mtoto wa huko huzisikia hadithi kwa Kikipsigis nyumbani, kisha hufundishwa kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza shuleni. Kwa hiyo siku anapofungua riwaya ya kutisha kwa mara ya kwanza haendi mikono mitupu. Zimwi lake analo tayari.

Zimwi hilo ni Chemosit. A. C. Hollis alimweleza katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909. Na kwa kuwa Wanandi na Wakipsigis ni ndugu wa lugha na wa mila, jina hilo linajulikana kwa wote wawili. Chemosit ni nusu mtu nusu ndege. Ana mguu mmoja tu, lakini matako tisa. Hutembea kwa kujiegemeza kwenye fimbo inayofanana na mkuki, na kinywa chake ni chekundu, nacho hung'aa usiku kama taa. Usiku huo huja karibu na makazi ya watu akaimba. Watoto wakiuona mwanga na kuusikia wimbo hudhani pana ngoma, wakaufuata, wakaliwa.

Maelezo haya yanastahili kusomwa polepole, kwa maana ndani yake mna ufundi mkubwa. Matako tisa ni jambo la kuchekesha, na hapana shaka watoto hulicheka. Mguu mmoja nao hautishi sana. Kinachotisha ni mwanga. Mwanga gizani ndicho kitu ambacho mtu aliyepotea hukitafuta. Ndiyo dalili ya moto, ya nyumba, ya watu. Msimulizi amekichukua kitu hicho chema akakitia ndani ya kinywa cha mlaji. Tena hakumfanya Chemosit akimbize watoto, kwa kuwa kiumbe mwenye mguu mmoja hawezi kukimbiza mtu. Watoto huenda wenyewe, kwa kupenda kwao ngoma.

Wazungu waliokuja katika nchi ya Wanandi mwanzoni mwa karne ya 20 waliisikia habari ya Chemosit kwa namna yao. Waliichanganya na habari za mnyama wa ajabu waliyemwita dubu wa Nandi, wakamtafuta kwa bunduki, na kwa miaka mingi wakabishana kama ni fisi, ni nyegere au ni mnyama asiyejulikana na wataalamu. Hao nao walikuwa wasikilizaji, na maoni yao yalikuwa kwamba hadithi nzuri ya kutisha ni taarifa mbaya ya elimu ya wanyama. Aina hii ya msomaji haijatoweka.

Stephen King alizaliwa mwaka 1947 katika jimbo la Maine, na riwaya yake ya kwanza, Carrie, ilitoka mwaka 1974. Miongoni mwa vitabu vyake vingi, kilicho karibu zaidi na habari ya Chemosit ni It, cha mwaka 1986. Humo mna kiumbe anayekula watoto wa mji mmoja wa kubuniwa uitwao Derry. Hujitokeza kwa sura ya mchekeshaji wa sarakasi. Na mwanzoni mwa kitabu mtoto mdogo, akiifuata mashua yake ya karatasi siku ya mvua, anamkuta kiumbe huyo ndani ya mfereji akimwonyesha maputo na kumwahidi sarakasi. Mtoto ananyoosha mkono mwenyewe. Yeyote aliyeambiwa habari za Chemosit utotoni mwake anaifahamu hila hiyo kabla ya kufikia mwisho wa ukurasa. Wimbo umekuwa maputo, na ngoma imekuwa sarakasi. Mtego ni ule ule.

Lakini kitabu hicho hicho ndicho kilicholeta mojawapo ya malalamiko yanayorudiwa sana na wasomaji wa King, kwamba hajui kumaliza. Baada ya kurasa zaidi ya elfu, kiumbe aliyekuwa akibadilika kufuata hofu ya kila mtoto anaonekana pangoni kwa sura ya buibui mkubwa. Wasomaji wengi walivunjika moyo. Ajabu ni kwamba King mwenyewe alikuwa amekwisha kueleza kwa nini ingekuwa hivyo. Katika Danse Macabre, kitabu cha uhakiki alichokitoa mwaka 1981, alizipanga daraja tatu za hofu: ya juu ni woga wa kitu kisichoonekana bado, ya pili ni kitisho cha kitu kilichokwisha kuonekana, na ya chini ni kinyaa tu. Alikiri kwamba hujaribu kwanza ile ya juu, na asipoiweza hushuka. Buibui ni kushuka huko.

Hadithi ya Chemosit haikutani na shida hiyo, kwa sababu imeufuata mpango wa kinyume. Sura ya zimwi inatolewa yote mapema, mchana kweupe ukipenda, pamoja na matako yake yote tisa. Siri iliyobaki ni kama mwanga ule unaoonekana ng'ambo ya bonde usiku wa leo ni wa jirani au si wa jirani. Na swali hilo msimulizi halijibu kamwe, kwa maana si lake kulijibu.

Lalamiko la pili ni urefu. Riwaya ya The Stand ilipotoka mwaka 1978 ilikuwa imepunguzwa takriban kurasa 400 kwa amri ya wachapishaji. Mwaka 1990 sehemu kubwa yake ilirudishwa, na tangu hapo wasomaji wamegawanyika, wengine wakiipenda ile fupi na wengine ile ndefu. Mzozo kama huu ni mali ya kitabu kilichopigwa chapa. Bibi anayesimulia jioni humwona mjukuu akisinzia, akaikata hadithi. Humwona amekodoa macho, akaongeza mto mmoja wa kuvuka. Maoni ya hadhira yake humfikia papo hapo, naye hana haja ya kungoja miaka 12.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba hadhira ya namna hiyo ni pole. King alilijua jambo hili, akaliandikia riwaya nzima, Misery, ya mwaka 1987. Mtunzi mmoja, Paul Sheldon, amechoka na shujaa wake wa kike aitwaye Misery, akamuua katika kitabu cha mwisho. Anapata ajali ya gari katika theluji, akaokolewa na Annie Wilkes, aliyekuwa muuguzi, msomaji wake mkubwa kuliko wote. Annie anamfungia nyumbani kwake na kumlazimisha amfufue Misery. Hapo kuna jambo ambalo wahakiki hawapaswi kulipita. Paul anapoandika mara ya kwanza, anamrudisha Misery kwa ujanja, akijifanya kama kwamba yaliyosemwa katika kitabu kilichotangulia hayakusemwa. Annie, pamoja na wazimu wake, anakataa. Anataka Misery afufuke, lakini afufuke kwa haki: alikwisha kuzikwa, basi na atoke kaburini. Kama ni maoni ya msomaji, hayo ni ya kweli kabisa, na mtoto yeyote anayesikiliza hadithi mekoni angeyatoa. Mambo yasiyowezekana anayakubali yote. Asichokubali ni msimulizi kuvunja sharti aliloliweka mwenyewe.

Kuhusu lawama ya wasomi kwamba kazi za King si fasihi, hapana haja ya kukaa sana. Mwaka 2003 alipotunukiwa nishani na National Book Foundation kwa mchango wake katika fasihi ya Marekani, Harold Bloom, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, alipinga hadharani. Ni ubishi ule ule unaojulikana kwetu kwa jina la fasihi pendwa, nao huwahusu zaidi walimu kuliko wasomaji.

Mahali ambapo mizani ya Siongiroi inatoa uzito tofauti kabisa ni katika habari za wafu. Riwaya ya Pet Sematary, ya mwaka 1983, ndiyo ambayo King aliiweka kando kwa muda kwa kuiona ni nzito mno hata kwake. Daktari anaonyeshwa na jirani yake ardhi ya kale ya Wamikmaki, Wahindi Wekundu wa sehemu hizo; kinachozikwa hapo hurudi. Paka wake anarudi, ila si yule paka. Kisha mwanawe mdogo anauawa na lori, na baba anashindwa kujizuia.

Msomaji wa Maine anatishika kwa sababu mfu amerudi. Kwa Mkipsigis aliyelelewa katika mila, kurudi kwa mfu peke yake si jambo la kutisha. Ni jambo linalotazamiwa. Mtoto alipozaliwa, wanawake waliyataja majina ya wazee wa ukoo waliofariki, oiik, moja baada ya jingine, hadi mtoto alipopiga chafya. Jina lililoitikiwa kwa chafya hiyo likawa lake, kwa kuwa mzee huyo ndiye aliyerudi. Wala kaburi halikuwa na kivuli kile kinacholizunguka katika hadithi za Ulaya. Katika mila za Wanandi kama Hollis alivyozikuta, maiti ya mtu mzima ilipelekwa nje na kuachiwa fisi. Waliozikwa ni wazee sana na watoto wachanga. Kwa hiyo msomaji wa namna hiyo angemlaumu daktari kwa jambo jingine. Wafu wana mlango wao wa kurudia, nao ni tumbo la mama. Huyu amewapitisha mlango usio wao, na amefanya hivyo peke yake, usiku, bila ukoo kujua.

Wako pia waliomlaumu King kwa kuitwika hofu yake ardhi ya watu walionyang'anywa nchi. Lawama hiyo inafungua swali ambalo wasomaji wa Marekani huliuliza mara chache, ila katika nchi yetu haliepukiki: hofu hii inamwangukia nani?

Mfano wa karibu katika Kiswahili ni Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Kijana Gusto, wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania (nako huko, kama Kericho, ni nchi ya chai), anarithishwa uchawi na baba yake anayekufa. Kama riwaya ya kutisha ina nguvu kuliko nyingi zilizokuja baada yake, kwa sababu hatari haitoki msituni wala mferejini. Inatoka kitandani kwa mzazi, na mrithi hakuombwa ridhaa yake kwa nia njema. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mung'ong'o ameligeuza neno hilo juu chini.

Lakini msomaji wa Bomet akikisoma kitabu hicho hasomi habari za buibui wa Maine. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Talai, ukoo wa maorkoiyot, ambao nguvu zao za uaguzi ziliogopwa na watawala kuliko na wenyeji. Wazee, wanawake na watoto wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, wakakaa uhamishoni miaka mingi. Na mwezi Mei 1968 ungeweza kuitwa zama za kale. Lakini ilikuwa Mei 2008 watu 11 walipouawa kwa moto huko Kisii, jirani wa magharibi wa nchi ya Wakipsigis, kwa kudhaniwa wachawi. Wengi wao walikuwa wazee.

Hapo ndipo maoni ya msomaji yanapoacha kuwa suala la ladha. Mtu anayesema kwamba riwaya ya uchawi ni ya kweli mno huenda anaisifu, na huenda anaonya. Mara nyingi anafanya yote mawili kwa sentensi moja. Mung'ong'o hawezi kulaumiwa kwa moto uliowashwa na wengine, na kitabu chake kinamwonea huruma mrithi zaidi ya kumshtaki. Hata hivyo mtunzi wa Kiswahili atakayemfuata hana uhuru alionao King wa kuuita uchawi mchezo. Chemosit hana ukoo, hana shamba, hana mlango ambao mtu angeweza kuubisha usiku akiwa na kiberiti mkononi. Gusto ana jina la baba yake, ana kijiji, na ana majirani wanaoijua njia ya kwenda kwake.