Tone la Oili Chini ya Gari Lisidharauliwe

Mtu akipita asubuhi katika viwanja vinapolazwa magari ya ofisi zetu, Unguja na Pemba, hakosi kuona madoa meusi juu ya saruji, kila doa likiwa pahala pale pale gari lilipolala. Madoa hayo yamezoeleka hata yakahesabiwa kuwa ni ada ya gari. Dereva huyaona, akaongeza oili, akenda zake. Mkubwa wa ofisi hutia saini ombi la oili nyengine, na siku hupita. Hakuna aulizaye oili ile inatoka wapi, wala kwa nini.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakukosea, lakini haba na haba pia hukimaliza kibaba. Tuchukue mfano wa injini inayodondosha tone moja katika kila sekunde 10. Hayo ni matone 360 kwa saa moja. Tukikadiria kuwa matone 20 hufanya mililita moja, basi ni mililita 18 kwa saa. Gari likifanya kazi saa 8 kwa siku, baada ya siku 7 litakuwa limepoteza lita moja kamili. Injini ya Land Rover ya zamani huchukua takriban lita 6 tu. Baada ya wiki tatu, bila ya nyongeza, nusu ya oili yake imekwishamwagwa njiani.

Hasara ya oili ni ndogo mbele ya hasara ya injini. Oili ndiyo inayotenga chuma na chuma kwa utando mwembamba baina ya krenki na beringi zake. Ndiyo inayochukua joto na uchafu. Ikipungua mno, beringi huungua na injini hukwama. Taa nyekundu ya oili haipimi wingi wa oili bali hutoa habari kwamba nguvu ya msukumo imeanguka, na aghalabu habari hiyo huja kwa kuchelewa. Ikiwaka injini ikiwa inazunguka, dereva azime papo hapo. Gari hilo pengine ndilo linalotegemewa usiku kumchukua mzazi kutoka kijijini hadi hospitali. Kwa mzazi huyo, gasketi ya bei ndogo si jambo dogo.

KUTAFUTA CHANZO

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba panapodondoka ndipo panapovuja. Oili hutoka juu, ikateremka juu ya ubavu wa injini, na upepo wa mwendo ukaisukuma nyuma. Tone huanguka mbali na chanzo chake. Kwa hivyo fundi mwenye hadhari huanza na kutambua, ndipo akashika spana.

Kwanza, alaze kipande cha boksi safi chini ya gari usiku kucha. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi. Ile nyekundu na nyepesi aghalabu ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Maji ya kijani au ya waridi ni ya rejeta. Mafuta mazito yenye harufu kali ya kiberiti ni ya giaboksi ya kawaida au ya difu. Yakionekana mafuta meupe au ya manjano karibu na gurudumu, huenda yakawa ya breki, na gari hilo lisitembezwe hata hatua moja. Kadhalika, ikiwa oili inapungua na boksi halina doa, pahala pa kutazamwa ni ekzosi: moshi wa rangi ya buluu ni dalili kwamba oili inaungua ndani, na hapo gasketi hazina kesi.

Pili, injini iliyopoa ioshwe kwa brashi na mafuta ya taa, ikaushwe barabara, kisha inyunyizwe poda nyeupe katika sehemu zinazoshukiwa. Iwashwe mpaka ipate moto, na gari litembezwe kidogo. Kisha itazamwe kwa kurunzi kutoka juu kwenda chini, na kutoka mbele kwenda nyuma. Pahala pa juu kabisa palipolowa ndipo penye chanzo. Kazi hii haichukui zaidi ya saa chache, lakini fundi asiyeifanya hubadilisha sili tatu na oili ikaendelea kumwagika.

MFANO WA LAND ROVER

Tuchukue injini ambayo mafundi wetu wengi wamejifunzia kazi, ile ya petroli ya lita 2.25, iliyotiwa katika Land Rover Series II kuanzia 1958 na ikaendelea katika Series III, iliyoundwa kati ya 1971 na 1985. Juu yake pana tapeti kava iliyofungwa kwa nati tatu, na chini ya kava hiyo gasketi. Hapo ndipo pa kuanzia, kwani ni rahisi kupafikia na huvuja mara kwa mara. Mbele, nyuma ya puli, pana sili ya krenki. Chini pana sampu na bolti ya kumwagia oili. Ubavuni pana filta na swichi ya taa ya oili, ambayo nayo huweza kupasuka ikatema.

Nyuma, chini ya nyumba ya flaiwili, pana tundu dogo lenye kizibo chake. Kizibo hicho hufungwa pale tu gari linapotaka kuvuka maji, na baadaye hutolewa. Kikisahauliwa, oili inayovuja hujikusanya ndani mpaka ikafika kwenye klachi, na klachi ikaanza kuteleza. Oili ikidondoka katika tundu hilo, inuswe na itazamwe: ikiwa ya injini, sili ya nyuma ya krenki imechoka, ikiwa ya giaboksi, kosa liko upande wa pili. Kuibadilisha sili ya nyuma ni kazi nzito, kwani hutaka giaboksi itolewe.

Madhali kazi ni nzito, fundi asiianze kabla ya kutazama njia ya pumzi. Kila injini hupitisha hewa ya mwako kidogo kando ya ringi za pistoni hadi kwenye sampu, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Katika Land Rover ya zamani hutoka kupitia vifuniko vyenye wavu wa waya. Katika magari ya Kijapani yaliyojaa visiwani leo, hutoka kupitia valvu ndogo na mpira wake. Njia hiyo ikiziba kwa masizi, hewa huisukuma oili nje kupitia kila sili iliyo dhaifu. Sili mpya ikitiwa katika hali hiyo, nayo itavuja. Ufunguliwe mfuniko wa oili injini ikiwa inanguruma taratibu. Pumzi nyepesi si kitu. Ukitoka upepo wa nguvu wenye moshi, njia isafishwe. Na ukiendelea baada ya kusafishwa, ringi zimelika, na injini inahitaji matengenezo makubwa.

KUTENGENEZA

Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote. Ukingo wa bati uliopinda kwa kukazwa kupita kiasi unyooshwe kwa nyundo juu ya ubao, kwani kuzidi kukaza huzidisha kuvuja. Bolti zikazwe kidogo kidogo, kwa zamu na kwa usawa. Gundi ya silikoni isipakwe kama siagi; inayozidi huanguka ndani, ikaziba chujio la pampu, na injini ikafa kwa kukosa oili ilhali sampu imejaa. Sili itiwe mdomo wake wenye springi ukielekea upande wa oili, na ipakwe oili kwanza. Shafti iliyochimbika mfereji itafutiwe bushi ya kuivika, au sili isogezwe kidogo ikae juu ya chuma kizima. Katika kubadilisha filta, ihakikishwe kuwa mpira wa filta ya zamani haukubakia kwenye injini, kwani mipira miwili humwaga oili yote kwa mara moja. Oili isijazwe kupita alama ya stiki. Na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Zitumike stendi au magogo madhubuti.

Sasa tuje kwa wenye dhamana. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila gari la umma liwe na kadi yake, iandikwe tarehe, kilomita na kiasi cha oili kilichoongezwa. Gari litakalohitaji nyongeza mara mbili kabla ya siku yake ya kubadilishwa oili, lipelekwe karakana bila ya kungojea. Mkubwa anayetia saini ombi la oili aitazame kadi hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kutia saini bila ya kuuliza ni kuidhinisha israfu.

Fauka ya hayo, visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, yenye vinyweleo vinavyopitisha maji upesi. Mvua inayoosha uwanja wa magari huteremka katika ardhi ile ile inayotupa maji ya visima na chemchem. Oili chafu ikingwe kwa sinia na ihifadhiwe katika mapipa, isimwagwe nyuma ya karakana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu katika jambo hili ni gasketi, na ukuta ni injini nzima inayoagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za wananchi. Dereva aanze kesho asubuhi: kabla ya kuwasha gari, ainame atazame chini, achomoe stiki, na aandike alichokiona.