Nani alitangulia Kuresoi? Ardhi ya Nakuru ina jibu lake

WAGENI wanaozuru kanisa la San Clemente jijini Roma hupata fursa adimu ya kushuka katika karne zilizopita kwa miguu yao wenyewe.

Kanisa wanaloingia kutoka barabarani lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 12. Chini ya sakafu yake lipo kanisa jingine, la karne ya nne. Chini ya hilo nalo yapo majengo ya Warumi ya karne ya kwanza, pamoja na chumba ambamo mungu aliyeitwa Mithras aliabudiwa kabla ya Ukristo kuenea mjini humo.

Waliojenga kanisa la juu walilijaza vifusi lile la chini na kuzitumia kuta zake kuwa msingi. Kwa karne nyingi waumini walisali pale bila kujua kilichokuwa chini yao, hadi Padri Joseph Mullooly, Mwairishi wa shirika la Wadominiko, alipoanza kuchimba mwaka wa 1857.

Mkazi wa Kuresoi, katika Kaunti ya Nakuru, hana kanisa la umri huo la kuzuru. Hata hivyo, desturi hiyo ya binadamu ya kujenga juu ya mabaki ya waliomtangulia imeacha alama katika Bonde la Ufa pia. Ushahidi wake mmoja uko kilomita chache tu kutoka katikati mwa jiji la Nakuru, kando ya barabara kuu ya kuelekea Nairobi.

Mahali hapo ni Hyrax Hill, kilima cha mawe kilichopewa jina la pimbi walioishi katika miamba yake. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikichimba mwaka wa 1937 na 1938, na mnamo 1943 kikatangazwa kuwa eneo la turathi ya kitaifa. Nyumba ya shamba iliyokuwa hapo iligeuzwa kuwa makavazi mwaka wa 1965, na hadi leo inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Katika sehemu moja ya kilima hicho, Leakey alikuta mabaki ya kijiji cha Enzi ya Chuma, chenye kuta za mawe. Alipoendelea kuchimba alifikia makaburi ya watu wa kale zaidi, waliokuwa wafugaji na ambao bado walitumia zana za mawe. Baadhi ya wanawake walikuwa wamezikwa pamoja na vyombo vya mawe, lakini wanaume hawakuwekewa vyombo hivyo.

Wafugaji hao wa mwanzo hawakuishi Hyrax Hill pekee. Katika pango moja kando ya Mto Njoro, ambako Mary Leakey na mumewe, Louis, walichimba mwaka wa 1938, ilipatikana mifupa iliyochomwa pamoja na bakuli za mawe na shanga. Mazishi hayo yalifanywa yapata miaka 3,000 iliyopita.

Upande wa pili wa Hyrax Hill yapo mashimo 13 ya mviringo yaliyochimbwa mtelemkoni. Haya ndiyo yanayojulikana kama mashimo ya Wasirikwa, na mengine mengi ya aina hiyo yametapakaa katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, kuanzia Cherangani na Uasin Gishu hadi Kericho na Nakuru. Kuresoi imo ndani ya eneo hilo, na mojawapo ya wadi za Kuresoi Kaskazini inaitwa Sirikwa.

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba mashimo hayo yalikuwa nyumba zilizochimbwa ardhini. Utafiti wa mwanahistoria na mwanaakiolojia John Sutton, aliyechimba Hyrax Hill mwaka wa 1985, ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe.

Zizi lilichimbwa ubavuni mwa kilima, na mlango wake mwembamba ukaelekezwa upande wa chini. Vibanda vya wenye mifugo vilijengwa kando ya zizi na kuingiliwa kutoka ndani yake. Samadi na matope yaliyozolewa yalitupwa nje ya mlango, yakajilimbikiza hadi kuwa tuta ambalo huonekana hata leo.

Ujenzi huo ulikuwa na sababu. Mwizi wa ng'ombe angelazimika kupita katika mlango mmoja, mbele ya macho ya wenye mali. Kinga hiyo ilitumika kuanzia karne ya 12 au ya 13 hadi karne ya 18, wakati makundi makubwa ya mashujaa waliopangwa kwa marika yalipoleta aina ya vita ambavyo zizi la familia moja halingeweza kuvizuia.

Wasirikwa wenyewe walikwenda wapi? Masimulizi ya Wakalenjin huwataja kama watu waliokuwapo kabla yao, kana kwamba walihama au waliangamizwa. Sutton kwa upande wake alieleza kwamba hapakuwa na taifa lililotoweka. Kilichokoma ni mtindo wa ufugaji, na vizazi vya watu hao viliendelea miongoni mwa Wakalenjin na jirani zao.

Sayansi ya chembe za urithi imeongeza ushahidi mwingine. Mwaka wa 2019, jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Ulibainisha kwamba wafugaji wa mwanzo walikuwa mchanganyiko wa watu waliotoka kaskazini mashariki mwa Afrika na wawindaji waliokuwa wakiishi hapa tangu zamani.

Baadaye, katika Enzi ya Chuma, iliongezeka nasaba inayohusiana na watu wa eneo la Sudan. Naye mtu mmoja aliyezikwa Deloraine, karibu na Rongai, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alikuwa na nasaba inayolingana na ya wasemaji wa lugha za Kibantu wa leo.

Kwa ufupi, muda mrefu kabla ya mkoloni kuchora mipaka ya mashamba, Nakuru ilikuwa tayari makutano ya watu wa asili mbalimbali.

Jambo hili lina uzito wa pekee Kuresoi. Mwaka wa 1992, na tena kabla na baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, watu waliuawa na maelfu wakafukuzwa makwao katika eneo hilo na viunga vya Molo. Waliolengwa waliitwa wageni, au 'madoadoa', huku wachochezi wakidai kwamba ardhi ni ya jamii moja tangu awali.

Ni kweli kwamba akiolojia haitoi hatimiliki wala haifuti haki ya mtu yeyote. Madai ya ardhi huamuliwa kwa sheria, kama ilivyokuwa mwaka wa 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek wa Msitu wa Mau. Hata hivyo, anayedai kwamba jirani yake hana mizizi hapa kwa kuwa nasaba yake ni ngeni hawezi kupata uthibitisho chini ya ardhi.

Ushahidi huu uko hatarini. Nje ya maeneo yaliyohifadhiwa kama Hyrax Hill, mashimo mengi yamo katika mashamba ya watu binafsi. Mkulima asiyejua maana yake huliona shimo kuwa kikwazo cha kulima, hulijaza udongo na kupanda viazi au mahindi juu yake.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inamtaka anayegundua mabaki ya kale kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake namna mashimo hayo yalivyo anaweza kuwapeleka Hyrax Hill. Yale yaliyo mashambani yatadumu iwapo tu wenye mashamba watayatambua mapema, kwa sababu shimo la Wasirikwa likishasawazishwa na trekta haliwezi kurejeshwa.