Pembe na kano za ng'ombe: upinde wa Waturuki unatufundisha nini?

Kijana mmoja anayenenepesha ng'ombe aliniuliza juzi: "Afisa, ukitoa nyama na ngozi, hizi pembe na kano zina kazi gani?" Nikamwambia Waturuki walizifanya silaha. Akacheka. Basi na wewe nikueleze.

Upinde tuliouzoea huku kwetu ni kipande kimoja cha mti. Hata Wahadzabe wa Eyasi, kano wanaitumia kwa ugwe. Wa Kituruki ni mfupi, unapigwa hata ukiwa juu ya farasi, na una tabaka tatu: mti katikati, pembe ya nyati wa kufugwa upande unaomtazama mpigaji, kano upande wa mbele. Kwa nini hivyo? Chukua fimbo uikunje. Upande wa ndani unabanwa, wa nje unavutwa. Sasa pembe inavumilia kubanwa kuliko mti, na kano inavumilia kuvutwa. Ndo maana upinde mfupi hivi unakunjika sana na hauvunjiki.

Pembe inapasuliwa vipande virefu, inalainishwa kwa moto au maji ya moto, inabanwa mpaka inyooke. Halafu inachongwa mifereji myembamba, na mti nao unachongwa mifereji ya kuingiliana nayo, ili gundi ipate sehemu kubwa ya kushika.

Kano ndiyo yenye kazi. Ikishakauka inapondwa kwa nyundo ya mti mpaka iachane nyuzinyuzi, inachanwa kama nywele, inachovywa kwenye gundi ya uvuguvugu na kulazwa kufuata urefu wa upinde. Gundi yenyewe inatokana na mabaki ya ngozi na kano yaliyopikwa kwa moto mdogo (ukiichemsha sana inapoteza nguvu), au kibofu cha hewa cha samaki. Ndiyo, yale yale mabondo ambayo wenzetu wa Ziwa Victoria wanayauza ya sangara.

Halafu unasubiri. Siyo wiki, ni miezi mingi, na mafundi wengine wanaacha mwaka mzima au zaidi. Kano inapokauka inasinyaa na kuuvuta upinde kinyumenyume, mpaka ukiutoa ugwe unajikunja kama herufi C, tumbo likiwa nje. Ukiharakisha, gundi ya ndani bado ni mbichi na tabaka zinaachana. Unyevu nao ni adui, kwa sababu gundi hii inalegea kwa maji; ndiyo maana mgongo unafunikwa kwa ngozi au gome jembamba. Masika ya Tanga au Mombasa yangeutesa kweli.

Ufundi huu bado upo. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza upigaji mishale wa jadi wa Kituruki kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Lakini usijenge biashara ukitegemea wachonga pinde, ni wachache mno. Pembe inaweza kwenda kwa wachonga vifungo na vitana, kama wapo karibu nawe.

Ukitaka kano za kujaribia, zungumza na mchinjaji mapema. Nzuri ni ile ndefu ya nyuma ya mguu wa nyuma, na mara nyingi mzoga unaning'inizwa kwa hiyo hiyo, kwa hiyo subiri ushushwe. Aikate nzima, isikatwe katikati. Ondoa nyama yote, anika kivulini penye upepo. Usiichemshe, itageuka gundi.

Pembe na kano za wanyamapori achana nazo, hizo ni nyara na bila kibali utajikuta mahakamani. Na ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, usimpasue wala usichukue hata pembe. Hiyo inaweza kuwa kimeta, na vimelea vyake vinakaa kwenye ngozi, pembe na udongo miaka mingi. Zuia mbwa na watoto wasimsogelee, mpigie daktari wa mifugo, na mzoga usubiri pale pale ulipo.