Kipande cha bastola ni bastola: yanayomhusu mwenye silaha kabla ya kubadilisha sehemu

Mwenye duka au mfanyabiashara wa mifugo mjini Lodwar aliye na bastola halali anaweza leo kufungua simu, akaona mtutu mpya, springi nyepesi ya kifyatulio au magazini inayobeba risasi nyingi zaidi, akaagiza kama anavyoagiza kava ya simu. Picha ni nzuri, bei iko wazi, na muuzaji wa ng'ambo haulizi cheti. Kinachosahaulika ni kwamba mzigo huo ukifika Kenya hauhesabiwi kuwa spea. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inapoeleza maana ya silaha inajumuisha pia sehemu zinazoiunda, pamoja na kifaa kilichotengenezwa kupunguza mlio au mwako wake. Kwa hivyo mtutu ulio peke yake ndani ya boksi, bila risasi na bila mpini, ni silaha mbele ya sheria.

Kutokana na hapo mengine yanafuata. Silaha haiingizwi nchini bila kibali, na sehemu yake vilevile. Silaha haimilikiwi bila cheti kutoka Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha, na mtu aliyepewa cheti cha bastola moja hajapewa ruhusa ya kukusanya mitutu. Mzigo ukikamatwa uwanja wa ndege Nairobi au ukifunguliwa kwenye ofisi ya vifurushi Lodwar, anayetafutwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya boksi. Mkoba wa kubebea bastola kiunoni haumo katika hesabu hii, kwa kuwa si sehemu ya silaha.

Wengi huuliza: ikiwa bastola ni yangu na cheti ninacho, kubadilisha mtutu kunamdhuru nani? Jibu liko katika chuma chenyewe. Ndani ya mtutu mna mikwaruzo inayozunguka, na kila risasi inayopita hutoka na alama zake. Pini inayogonga ganda nayo huacha alama yake. Wataalamu wa silaha wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, husoma alama hizo kujua risasi iliyookotwa ilitoka katika silaha gani. Mtutu ukibadilishwa, alama za risasi hubadilika. Pini ikibadilishwa, za ganda hubadilika. Namba kwenye cheti inabaki ileile lakini bastola si ileile. Mwananchi aliyejitetea dhidi ya majambazi usiku atajikuta akieleza kwanza kwa nini silaha yake ina sehemu zisizojulikana, kabla hata hajaulizwa kilichotokea.

Kuhusu uzito wa kifyatulio, hapa kuna hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Kiwanda hakiweki springi ngumu kwa bahati mbaya. Ugumu ule, pamoja na vizuizi vya ndani, ndio unaofanya bastola isijifyatue ikianguka au ikigongwa. Springi nyepesi zimetengenezwa kwa mashindano ya kulenga shabaha, ambako bastola hutolewa uwanjani, ikatumika, ikafungiwa. Mtu anayeibeba kiunoni juu ya bodaboda kutoka Lodwar hadi Kakuma, zaidi ya kilomita 100, yuko katika mazingira mengine kabisa. Na kuna vumbi. Sehemu za mashindano mara nyingi hukaa kwa kubana sana, na mchanga wetu mwembamba ukichanganyika na mafuta mengi huwa kama udongo wa kufinyangia. Bastola ya kawaida, safi, iliyopakwa mafuta kidogo tu, inategemewa zaidi hapa kuliko iliyopambwa kwa maelfu ya shilingi.

Suala la fundi nalo linahitaji kusemwa waziwazi. Sheria inataka anayetengeneza, kuuza, kurekebisha au kujaribu silaha kama biashara awe amesajiliwa kuwa muuzaji wa silaha. Fundi wa kuchomelea vyuma wa Kakuma au Kalobeyei anaweza kuwa hodari kuliko wote kwa mageti na mikokoteni, lakini akipokea bastola ya mteja na kuitoboa au kuikata mtutu kwa malipo, anatenda kosa. Kusema alidhani ni kazi ndogo hakutamwondoa katika kesi. Eneo hili linajua vyema silaha za kubuni. Ng'ambo ya mpaka, Karamoja, kulikuwa na bunduki za mabomba zilizoitwa amatida, kabla ghala la kambi ya Moroto halijavunjwa mwaka 1979 baada ya Idi Amin kuangushwa na silaha za kijeshi kuenea. Chuma kisichopimwa kwa msukumo wa baruti kinaweza kupasukia mkononi mwa anayekishika.

Askari wa akiba, NPR, wako katika hali tofauti na raia mwenye cheti. Bunduki wanayobeba ni mali ya serikali. Hairuhusiwi kubadilishiwa kitako, kukatwa wala kufungwa kifaa kingine. Ikiharibika inarudishwa kwa polisi walioitoa. Na kwa bunduki za aina ya AK47 na G3 zinazoshikwa bila idhini, hakuna mjadala wa spea: sheria hiyohiyo inaruhusu mahakama kutoa kifungo cha maisha. Turkana ilikuwa miongoni mwa kaunti sita zilizotangaziwa operesheni ya usalama Februari 2023, na kabla ya msako wenye silaha haramu walipewa siku tatu kuzisalimisha.

Bastola halali ikikwama au ikivunjika sehemu, njia ni moja. Mwenyewe aondoe risasi, asiifungue zaidi ya usafi wa kawaida, aende kituo cha polisi akiwa na cheti na kitambulisho, aeleze hitilafu na aulize ni muuzaji gani aliyesajiliwa anayeweza kuirekebisha. Kwa kawaida hao wako Nairobi na miji mikubwa, kwa hivyo safari ipangwe mapema, na bastola isikabidhiwe dereva wa basi wala rafiki aipeleke. Sehemu ikibadilishwa, risiti ihifadhiwe pamoja na cheti, na Bodi ijulishwe.

Kuna pia waliokwisha kuagiza, na boksi liko kabatini. Hao wasilitupe lagani wala wasimuuzie mwingine, kwani kumkabidhi mtu asiye na cheti ni kosa jingine. Usalama ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, na ofisi za kaunti hazipokei silaha wala sehemu zake. Mtu apige ripoti kwanza katika kituo cha polisi cha Lodwar au Kakuma, akipenda akiwa na chifu au wakili, aeleze alichonacho na kilipotoka, kabla ya kukibeba barabarani.