Kirusi cha polio na mnyororo unaojikata

 

Ndugu Waislamu, katika Suratul Baqara Mola wetu amepiga mfano kwa mbu. Leo tunakizungumzia kilicho kidogo kuliko mbu kwa mbali mno: kirusi cha polio, maradhi yapoozeshayo watoto wetu.

Kirusi hiki ni ganda la protini tu, na ndani yake uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 7,500. Hakina kiwanda cha kujizalisha. Kinapoingia katika chembe hai ya utumbo, uzi ule husomwa na ribosomu za chembe hiyo, kana kwamba ni amri ya mwenye nyumba. Husomwa mfululizo bila kituo, ikatoka protini moja ndefu yenye asidi amino zipatazo 2,200. Ajabu ni kuwa ndani ya mnyororo huo zimo sehemu zilizo mfano wa mikasi: hujikata zenyewe, kisha huyakata yaliyobaki. Katika vipande hivyo hupatikana kimeng'enya kinachonakili RNA kutokana na RNA, na kiprotini cha asidi amino 22 tu ambacho huanzisha kila uzi mpya.

Mnakili huyu hana msahihishaji, basi hukosea mara kwa mara. Hapa ndipo penye mazingatio kwa wazazi. Matone ya chanjo yana kirusi kilichodhoofishwa. Watoto wengi wakichanjwa, hakipati pa kwenda. Wakiachwa wengi bila chanjo, huzunguka muda mrefu, makosa ya kunakili hukusanyika, na kwa nadra hurejea ukali wake. Wako wanaoitumia hoja hii kuyakataa matone. Sisi tunaona inawapinga wao wenyewe.

Mwaka 2003 chanjo ilisimamishwa Kano, Nigeria, kwa tuhuma kuwa matone yana dawa ya kuzuia uzazi. Ilirejeshwa 2004, lakini kirusi kilikwisha kusafiri. Mwaka 2005 watoto wa Yemen na Indonesia walipooza kwa kirusi chenye asili ya Nigeria. Serikali ya Saudi Arabia nayo huwataka mahujaji watokao nchi zenye polio waonyeshe cheti cha chanjo kabla ya kuingia.