Noeli ya Ujerumani Huisha Noeli Inapofika

Likizo nyingi za Afrika Mashariki huanza karibu na tarehe 20 Desemba. Shule zimefungwa, ofisi zimepungua watu, na anayetaka kuona masoko ya Krismasi katika miji ya kale ya Ujerumani hukata tiketi ya ndege ya tarehe 23. Anatua, analala usiku mmoja, anaamka kwenda kwenye uwanja alioupenda pichani, na kukuta mafundi wakibomoa vibanda na kupakia mbao kwenye malori. Kwa hiyo kila anayeniuliza kuhusu safari hii namwambia aanze na kalenda. Hoteli na nauli zitafuata.

Kwa Wajerumani, msimu wa masoko ni Majilio. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Jumapili inayoitangulia, Waprotestanti huwakumbuka wafu wao, na miji mingi husubiri siku hiyo ipite ndipo ifungue masoko. Tangu hapo taa huwaka kila jioni hadi tarehe 23 au 24 Desemba. Mchana wa tarehe 24, yapata saa nane, maduka hufungwa; jioni hiyo ni ya familia na ya kanisani. Tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu za taifa. Mgeni asiye na mwenyeji hubaki akitembea kwenye mitaa mizuri iliyofungwa, akitafuta mahali pa kula.

Wiki mbili za kwanza za Desemba ndizo ninazozipendelea, na ndani yake siku za Jumatatu hadi Alhamisi. Mwishoni mwa wiki mabasi humwaga watu kutoka kila upande, bei za vyumba hupanda, na kusogea kutoka kibanda hadi kibanda huwa kazi. Jumapili, kumbuka, maduka ya kawaida hayafunguliwi. Ukihitaji dawa ya meno au maji ya chupa, nenda stesheni kubwa ya treni.

Kosa la pili ni tamaa ya miji mingi. Ramani huonyesha Ujerumani kama nchi ya kuvukwa haraka, lakini katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache. Siku ya kutembea ni fupi. Ningechagua eneo moja, Franken, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, nikafanya Nürnberg makao, nikaenda miji mingine kwa treni na kurudi kulala. Ipo tiketi ya siku iitwayo Bayern-Ticket inayofaa hasa kwa familia: inabeba hadi watu watano kwenye treni zote za kawaida za jimbo, na siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi. Haikubaliwi kwenye treni za mwendo kasi, ICE.

Nürnberg ipewe muda kuliko miji yote. Soko lake liko Hauptmarkt, mbele ya kanisa la Frauenkirche, vibanda vya mbao vikiwa vimefunikwa vitambaa vya mistari myekundu na myeupe. Ushahidi wa kale zaidi wa soko hilo ni kisanduku cha mbao cha mwaka 1628, kilichoandikwa kuwa kilinunuliwa pale na kutolewa zawadi. Kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini humo. Ijumaa kabla ya Majilio, saa kumi na moja na nusu jioni, msichana aliyevaa taji na joho la dhahabu husimama kwenye roshani ya kanisa na kulifungua soko kwa shairi. Huyo ndiye Christkind, na mji humchagua mpya kila baada ya miaka miwili.

Uwanja huo una historia nzito ambayo msafiri anapaswa kuijua. Hapo palikuwa mtaa wa Wayahudi hadi mwaka 1349, walipouawa kwa mamia, nyumba zao zikabomolewa na kanisa likajengwa mahali pa sinagogi lao. Na mji wa kale wenyewe uliteketezwa na mabomu tarehe 2 Januari 1945, karibu wote. Kuta nyingi unazozipiga picha zimejengwa upya na wenyeji waliokataa kuuacha mji wao uwe kifusi. Nadhani uzuri wake unastahili heshima zaidi kwa sababu hiyo.

Simama kwenye kibanda cha vinyago vya plamu, tunda dogo jeusi lililokaushwa. Matunda hayo hutungwa kwenye waya kuwa mikono, miguu na kiwiliwili, kichwa kikawa jozi iliyochorwa macho na mdomo, kisha kila kimoja huvalishwa: mpiga filimbi, mwokaji, bibi harusi. Kibanda kinachofuata, huenda ukanusa nyumbani. Mkate mtamu wa Lebkuchen hutiwa mdalasini, iliki na karafuu. Nürnberg iliumudu mapema kwa sababu ilikaa kwenye njia panda ya biashara ya viungo, na misitu iliyoizunguka ilijaa wafuga nyuki. Waokaji wake walipata chama chao rasmi mwaka 1643. Tafuta aina ya Elisenlebkuchen: kanuni inataka angalau robo yake iwe lozi, jozi au njugu za jamii hiyo, na unga usizidi asilimia 10.

Soseji fupi za Nürnberg, ndogo kama kidole, ni za nyama ya nguruwe. Mvinyo moto wenye viungo, Glühwein, una kileo. Asiyetumia aagize Kinderpunsch, juisi ya matunda iliyochemshwa na viungo vilevile, na ale lozi za kukaangwa kwa sukari au chapati za viazi, baada ya kuuliza zimekaangwa kwa mafuta gani. Bei ya kinywaji huongezwa dhamana ya kikombe. Ukikirudisha unarudishiwa fedha yako. Beba euro za noti ndogo, kwani si kila kibanda kinapokea kadi.

Bamberg iko chini ya saa moja kwa treni. Vita haikuiharibu sana, na UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 1993. Ukumbi wake wa zamani wa baraza la mji umesimama katikati ya mto, juu ya daraja. Lakini sababu yangu ya kuupenda Desemba ni mapango ya Noeli yanayopangwa makanisani na kwenye makumbusho, mengine yakibadilishwa matukio kadiri wiki zinavyosonga: Malaika na Maria, kisha wachungaji, kisha Mamajusi.

Rothenburg ob der Tauber huchukua kama saa moja na nusu, na kubadili treni zaidi ya mara moja. Hapa nakiuka ushauri wangu: lala usiku mmoja. Wageni wa kutwa wakishaondoka jioni, mji hubaki na wenyeji na mlinzi wa usiku anayewatembeza watu akiwa na taa na mkuki. Mji huu ulibaki wa kale kwa sababu ya umaskini. Baada ya Vita vya Miaka Thelathini hapakuwa na fedha ya kubomoa na kujenga kisasa. Kiunzi cha nyumba zake ni miti iliyounganishwa, na nafasi kati ya miti zilijazwa fito na udongo, ufundi ambao mjenzi yeyote wa nyumba za udongo za pwani yetu angeutambua mara moja. Panda ukuta wa mji utembee juu yake. Sehemu ya mashariki ilipigwa mabomu Machi 1945, na mawe ya ukuta uliojengwa upya yana majina ya watu wa nchi mbalimbali waliochangia.

Ukibaki na siku, ICE hufika Erfurt kwa zaidi kidogo ya saa moja, tangu reli mpya ilipofunguliwa Desemba 2017. Soko liko chini ya ngazi za kanisa kuu, na daraja la Krämerbrücke bado lina nyumba zinazokaliwa pande zote mbili. Dresden, yenye soko la tangu 1434, naiachia safari nyingine. Ni mbali mno kwa mpango huu.

Baridi huwa karibu na sifuri, na mvua ni ya uhakika kuliko theluji. Viatu vya soli nene visivyopitisha maji vina faida kuliko koti la gharama, kwa kuwa utasimama juu ya mawe kwa saa nyingi.

Viza ya Schengen huweza kuombwa hadi miezi sita kabla ya safari, na huhitaji bima ya afya ya angalau euro 30,000. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45, na miadi ya kupeleka maombi hujaa. Anayetaka kuwa Nürnberg mwanzoni mwa Desemba atafute miadi Agosti. Na kama mwajiri hawezi kabisa kukupa ruhusa kabla ya tarehe 20, badilisha mpango: panga Bamberg kuanzia tarehe 27. Vibanda vitakuwa vimeondoka, lakini mapango mengi ya Noeli hubaki wazi hadi sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, ambayo Bavaria nzima hupumzika.